Uso wa Benedikta

Benedikta aliposhuka Mbagala kwenye basi la kutoka Newala, binti yake Selina alimtambua hata kabla hajageuka vizuri. Hakuna mtu mwingine pale stendi aliyekuwa na uso kama ule. Alichanjwa angali msichana mdogo, na mkaa uliosuguliwa kwenye vidonda miaka ile ulikuwa umeacha rangi nyeusi yenye kung'aa kibuluu, ambayo uzee haukuweza kuifuta. Mashavuni alikuwa na mistari ya pembepembe iliyopangana kama mapaa ya nyumba. Juu ya kila jicho palikuwa na duara, na katikati ya paji la uso ulisimama mti mwembamba ulioshusha shina lake hadi puani. Mdomo wa juu ulikuwa na tundu lililojikunja, mahali palipokaa ndonya zamani, kile kigingi cha mti cha urembo.

Alikuja kutibiwa macho. Daktari wa kule alisema ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na kwamba hospitali kubwa ya Upanga wangeweza kumtoa. Jicho la kulia, alisema, ndilo lenye matumaini zaidi.

Selina alifurahi kumwona mama yake. Aliona aibu vilevile, na ile aibu ilimkera kwa sababu hakuitarajia. Alikuwa na meza ya vitenge Mtaa wa Kongo, katikati ya Kariakoo, na kesho yake alipopita naye pale kumwonyesha biashara, vijana wa machinga waliacha kunadi. Mmoja akatoa simu.

"Bibi, mambo?"

"Marahaba," akajibu Benedikta kwa upole, akidhani ameamkiwa.

Wakaangua kicheko. Selina akamvuta mama yake mkono hadi nyuma ya meza na kumkalisha kwenye marobota.

Jirani yake, Hajira, muuza kanga, ndiye aliyeinuka na kuja kuinama mbele ya yule mzee. Hajira ni Mmwera wa Lindi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umechanjwa wapi hizi?"

"Kitangari."

"Bibi yangu mzaa baba naye alikuwa nazo. Tukilala naye tulikuwa tunazipapasa mpaka tunasinzia."

Benedikta akacheka, akamwinamishia shavu. Hajira akaligusa. Selina alijifanya anakunja vitenge.

Selina na mume wake, Vitalis, walipanga vyumba viwili Ilala, karibu na soko la Mchikichini ambako Vitalis aliuza viatu vya mitumba. Walikuwa wameoana siku nyingi na hawakuwa na mtoto. Mimba tatu zilitoka. Ya tatu ilitoka ikiwa kubwa, mtoto tayari ameshaanza kucheza, na Selina alipolazwa, parokia yake haikutuma mtu. Aliyekuja alikuwa mchungaji kijana aliyeitwa Samson, mwenye kanisa ghorofa ya tatu Mtaa wa Sikukuu, juu ya maduka ya vyombo. Aliletwa na Angelina, muuza vipodozi wa mtaa wa pili. Mchungaji Samson alikaa kwenye benchi la wodi, akamshikia beseni alipotapika, na alipomaliza kuomba alikuwa analia machozi ya kweli. Ndiyo maana Selina alimfuata. Watu waliokuja kumsema baadaye hawakuwapo siku ile.

Benedikta alipofungua kifurushi chake alitoa rozari, picha ndogo ya Bikira Maria iliyopauka, na kinyago cha mpingo chenye urefu wa kutoka kiwiko hadi kiganja. Akaviweka juu ya kigoda karibu na dirisha. Kinyago kilikuwa cha mwanamke aliyesimama, mikono ameiweka tumboni, na uso wake umechanjwa mistari ileile. Pua yake ilikuwa imelika kwa kushikwashikwa.

"Bado unacho hicho, mama?" akauliza Selina.

"Nimwache na nani?"

Kilichongwa na babu yake Selina, mwezi uliofuata baada ya mke wake kufariki, Benedikta akiwa mtoto wa kutambaa. Hakukuwa na picha ya marehemu wala mtu aliyewahi kumpiga picha. Kila Benedikta alipouliza mama yake alikuwaje, baba alimpa kinyago akishike. Hakikuwa cha tambiko. Hakikupewa pombe wala unga. Kilikuwa mama yake, basi.

Asubuhi alikaa karibu na dirisha, rozari mkono mmoja na mkono mwingine ukipapasa mpingo, midomo ikicheza. Selina akipita kwenda kuwasha jiko alitazama pembeni.

Mwezi ule Mchungaji Samson alitangaza juma la kuvunja vinyago. Alihubiri kwa utaratibu, bila kupiga kelele, jambo lililowafanya watu wamsikilize zaidi. Alisema wengi wao wametoka vijijini na mabegi mazuri, lakini ndani ya mabegi wamebeba miungu ya babu zao. Kila mtu apekue nyumbani kwake. Kitu chochote chenye sura, kilichochongwa, kilichochorwa au kilichorithiwa, kiletwe Jumamosi.

"Hata za Kikatoliki?" mtu mmoja akauliza.

"Sanamu ni sanamu," akajibu. "Haibadiliki kwa kuvalishwa shela."

Jumamosi Benedikta alikuwa amelala usingizi wa mchana. Selina alivitoa vitu vitatu pale kwenye kigoda, akavifunga kwenye kipande cha kitenge, akatoka.

Waliwashia moto kwenye pipa katika uwanja ulio wazi upande wa Jangwani. Watu walikuwa wengi, wanaimba. Zilitumbukizwa hirizi, mikufu ya shanga, vibuyu, picha za mababu zikiwa na fremu zake, kanga zilizoachwa na bibi waliokufa. Mwanamke mmoja alileta picha ya harusi yake mwenyewe kwa sababu mume alikuwa amevaa pete ya mganga. Rozari ya Benedikta ilikuwa ya plastiki, ikajikunja ikatoweka. Picha ya Maria iliwaka mara moja tu. Lakini mpingo haukushika. Walimwagia petroli, ikaungua petroli yenyewe, kinyago kikabaki kimesimama kwenye makaa, mikono tumboni. Watu wakaanza kupiga kelele kwamba kina nguvu. Kijana mmoja akakitoa kwa koleo, akakiweka juu ya jiwe na kukipiga kwa shoka. Shoka liliruka mara mbili. Mara ya tatu kikapasuka kuanzia kichwani, na vipande vikarudishwa motoni.

Selina alipiga vigelegele. Mwili ulikuwa mwepesi kama ametuliwa mzigo, na hadi leo hasemi kwamba hakufurahi.

Nyumbani alimkuta mama yake amepiga magoti, anapapasa chini ya kigoda, chini ya kitanda, nyuma ya ndoo.

"Selina, umemhamisha?"

"Nani?"

"Mama."

Selina alikuwa amejiandaa kusema uongo, lakini ulimkwama. Nguo zake zilikuwa zinanuka moshi na petroli, na yule mzee asiyeona alikuwa ameinua pua.

"Mmechoma," akasema Benedikta.

"Mama, vile vitu vilikuwa vinanifunga. Unajua nimepoteza watoto wangapi? Unajua?"

Benedikta alijiinua taratibu kwa kushika kitanda, akaketi.

"Nilipotaka ubatizo," akasema, "padri aliniambia nitoe ndonya kwanza. Nikaitoa. Maji yalikuwa yanavuja hapa nikinywa, watu wananicheka, nikavumilia. Halafu wakapita vijana wa serikali, wakasema chale ni ushamba. Wadogo zangu hawakuchanjwa, na mimi nikaambiwa nikienda mjini nijifunike. Nikajifunika. Sasa umekuja wewe." Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Kimebaki kipande hata kidogo?"

"Hakuna, mama."

"Haya."

Kesho yake alikaa pale pale dirishani. Hakuwa na cha kushika, basi akawa anapapasa mashavu yake mwenyewe.

Hajira aliposikia, hakumgombeza Selina. Alivuta kigoda chake akakaa karibu naye, wateja wakiwa wachache.

"Kaka yangu Ridhiwani unamjua. Mtu wa swala tano, mpole, ukimwomba kitu hakunyimi. Aliporudi masomoni alisema picha ukutani zinafukuza malaika. Akamshusha marehemu baba ukutani, akaichana picha mbele yetu. Akapiga marufuku maulidi pale nyumbani. Akaenda mpaka makaburini akavunja sahani zilizojengewa kwenye kaburi la bibi. Mama hakusema neno. Alianza tu kula peke yake, mpaka alipokufa alikuwa anakula peke yake."

"Nyie ni dini nyingine," akasema Selina.

"Mama alikuwa mama, shoga yangu. Mchukulie taratibu yule bibi."

Selina aliitikia kwa kichwa. Lakini mwezi ule siku zake zilichelewa, akahesabu, akatumaini, halafu damu ikaja kama kawaida. Akaenda kwa Mchungaji Samson na uso umevimba kwa kulia.

Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Ukutani kulikuwa na picha yake kubwa akiwa amevaa suti nyeupe, ileile iliyokuwa kwenye kalenda ambayo kila muumini alinunua na kuitundika juu ya mlango kwa ajili ya ulinzi. Selina naye alikuwa nayo.

"Dada Selina, nyumba ilisafishwa?"

"Ilisafishwa, Mtumishi. Ulikuwepo."

"Mbona naona sanamu moja bado imesimama?"

"Hakuna. Nimepekua kila mahali."

"Ipo. Inakula mezani kwako. Inakuita mwanangu."

"Yule ni mama yangu, Mtumishi."

"Sijasema mama yako ni mbaya, nampenda yule mama. Nazungumzia alama. Yale ni maandishi ya agano, yameandikwa kwa damu. Wewe ulizaliwa na tumbo lililokuwa chini ya maandishi yale. Unataka lako lifunguke vipi?"

"Sasa nifanye nini? Ni uso. Hauwezi kuvuliwa."

Mchungaji alifumba macho kidogo.

"Omba. Mungu atakuonyesha njia."

Jioni Selina alimweleza Vitalis, ambaye alikuwa ameketi barazani anapaka rangi viatu vya kuuza kesho. Hakuwa mtu wa kanisa lile, wala la zamani hakwenda sana. Alisikiliza mpaka mwisho, kiwi kwenye vidole.

"Wewe unaonaje?" akauliza Selina.

"Mambo ya kanisa lako mimi siyajui. Mimi nataka mtoto." Akageuza kiatu akakitazama soli. "Fanya unavyoona."

Baadaye aliapa kwamba hakuelewa anaulizwa nini.

Njia alionyeshwa na Angelina. Angelina alijua mwanamke anayefuta michoro ya mwilini kwa vijana waliojichora wakajuta, kwenye chumba cha nyuma ya saluni, Mtaa wa Narung'ombe. Alisema ni dawa tu, inawasha kidogo, ngozi inababuka na inaota mpya. Alisema Mungu huwa anatumia hata watu wa kawaida. Miadi ya upasuaji wa macho ilikuwa bado majuma kadhaa mbele, na Selina alijiambia kwamba mama atafika kwa madaktari akiwa ameshafunguliwa, macho yapone kabisa. Aliyaamini maneno hayo. Alikuwa amekaa nayo siku nyingi hadi yakawa yake.

Asubuhi akamvalisha mama yake gauni safi.

"Tunaenda wapi?"

"Kwa daktari wa macho, mama. Wamesogeza siku."

Benedikta alitabasamu. Njiani alishika mkono wa binti yake kwa nguvu, akimwuliza kama akishaona vizuri atampeleka akatazame bahari pale Feri, maana alisikia tu mngurumo wa pantoni na hakuwahi kuiona.

Chumba hakikuwa na dirisha. Kilinuka dawa ya nywele. Mwanamke mwenyewe alikuwa kijana, mchangamfu, amevaa glovu za mpira na anatafuna bazoka. Alipouona uso ule aliacha kutafuna.

"Hizi ni za zamani," akasema. "Zimeenda chini sana. Itabidi niweke ile kali."

"Weka," akasema Angelina, ambaye alikuwa anapiga picha kwa simu. "Hii ya kabla."

Selina alikaa kando ya kiti, mkono wa mama yake ndani ya mikono yake miwili. Yule mwanamke alichukua chupa isiyo na karatasi, akachovya brashi, akaanza na shavu la kushoto.

"Mbona daktari ananipaka mashavuni?" Benedikta akauliza.

"Ni dawa ya kuvuta ugonjwa utoke machoni, mama."

"Inachoma."

"Vumilia kidogo."

Akavumilia. Alikuwa ameshavumilia kisu na mkaa akiwa msichana, tena mbele ya wanawake waliomkataza kulia, na mwili wake ulikumbuka namna ya kufanya. Alikaza meno. Shavu likaanza kutoa povu, kisha likageuka jeupe, na harufu ikabadilika.

"Ni kawaida?" akauliza Selina.

"Inafanya kazi," akasema yule mwanamke, lakini sauti haikuwa ileile. Akaharakisha. Alipofika kwenye paji la uso, kwenye ule mti, brashi ilikuwa imelowa kupita kiasi. Tone likateremka kufuata shina la mti, likapinda kwenye nyusi, likaingia jicho la kulia.

Hapo ndipo Benedikta alipopiga kelele. Selina hakuwahi kumsikia mama yake akipiga kelele maishani, na kwa nusu dakika alibaki amekaa, anashangaa sauti ile inatoka wapi. Kisha wakaanza kutafuta maji. Ndoo ilikuwa tupu. Angelina alikimbilia saluni akarudi na kijagi. Yule mwanamke alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma, ameacha glovu moja sakafuni.

Wakampakia kwenye bajaji hadi Upanga. Benedikta alikuwa amejifunika kanga usoni, na kanga ilikuwa inanata kwenye ngozi.

Daktari wa zamu alikuwa mama wa makamo. Alipomaliza kuosha jicho alitoka akamwangalia Selina bila kumwuliza kitu, na Selina alitamani amwulize. Mchana alirudi kusema kwamba jicho la kulia limekwisha. La kushoto lingeweza kujaribiwa siku nyingine, ngozi ikishatulia, kama itatulia. Tindikali ilikuwa imekula mashavu mpaka kwenye nyama.

Vitalis alifika mbio, amevaa kiatu kimoja cha mauzo na kimoja chake. Alichungulia kitandani, akatoka, akaegemea ukuta wa korido.

"Nani kafanya hivi?"

"Nilikuuliza," akasema Selina. "Ukasema nifanye ninavyoona."

Polisi walikuja, wawili, na mmoja alimwinamia Benedikta ambaye alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima isipokuwa pua na mdomo.

"Bibi, tuambie. Nani kakumwagia?"

Selina alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alikuwa ameamua kwamba mama akimtaja, hatakana.

"Nilijipaka mwenyewe," ikasema sauti ndani ya bandeji.

"Wewe mwenyewe? Na huoni?"

"Nilichoka kuchekwa barabarani. Nikanunua dawa nikajipaka. Mwanangu kanikuta, kanileta."

Yule polisi alimtazama Selina muda mrefu, akafunga daftari lake. Wakaondoka. Selina akapiga magoti akataka kumshika mama yake mkono, na mkono ukaondolewa, ukawekwa chini ya shuka.

Benedikta alikaa wodini mpaka mvua za masika zilipokwisha. Selina alimpelekea uji, alimwosha, alimgeuza. Benedikta alipokea vyote na kushukuru kama anavyomshukuru nesi. Mara moja tu alisema neno lisilo la shukrani. Bandeji za mashavuni zilikuwa zimetolewa na alikuwa amejipapasa, kovu baada ya kovu, mahali pote.

"Mama yangu simkumbuki sura," akasema. "Nilijua tu kwamba tunafanana hapa. Nikifika kule, atanijuaje?"

Kaka mkubwa wa Selina, Gaudens, alikuja kutoka Newala kumchukua. Aliingia wodini na mkungu wa ndizi, akapita kitanda cha mama yake, akaenda mpaka mwisho wa chumba, akarudi, akapita tena. "Mama yuko wapi?" akamwuliza Selina. Benedikta akamwita kwa jina. Gaudens aligeuka, akaona sauti inakotoka, mkungu ukamponyoka. Siku mbili alizokaa Dar hakuzungumza na dada yake ila kwa maneno ya lazima, na stendi alimpandisha mama yao kwenye basi kwa kumbeba, kana kwamba Selina hayupo pale.

Selina alirudi kwa Mchungaji Samson.

"Nilifanya ulivyosema," akamwambia.

Alimwona akishtuka kweli.

"Mimi sikukuambia umchome mama yako, dada Selina. Sikusema hivyo. Nilisema uombe."

Na ilikuwa kweli, hakusema hivyo. Selina alirudia yale mazungumzo kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani, neno kwa neno, akitafuta mahali alipoambiwa, na hakupaona. Alipofika alipanda stuli akaishusha kalenda juu ya mlango. Alitaka kuichana. Mikono ilikataa, alikuwa bado anaogopa. Vitalis ndiye aliyeichukua, akatoka nayo, na Selina hakuuliza wala hakuambiwa ameipeleka wapi.

Miezi miwili baadaye Selina akapata mimba.

Hakufurahi. Aliingoja itoke kama zilivyotoka nyingine, na haikutoka. Ilipita pale zilipokomea zile, ikaendelea. Kliniki walisema mtoto yuko sawa. Vitalis alianza kurudi mapema na matunda, akiyaweka mezani bila kusema. Kila mtoto alipocheza tumboni, Selina alijiuliza swali moja, na lilikuwa baya kuliko yote: je, kama Mchungaji alikuwa sahihi? Hakumwambia mtu. Alipomdokeza Hajira kidogo tu, Hajira alitema mate chini.

"Watu wanapata mimba kila siku na mama zao wana nyuso zao," akasema. "Usinisikilizishe hayo tena."

Kanisani habari zilifika. Jumapili moja Angelina alimtumia ujumbe kwamba wanamshukuru Mungu kwa ajili yake. Selina hakuwa amekanyaga kule tangu siku ile, lakini alipanda zile ngazi na tumbo lake kubwa, akasimama nyuma. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele kabisa, kwenye skrini, palikuwa na uso wa mama yake, mkubwa kama ukuta: mistari, duara mbili, mti. Ile picha ya kabla.

"Alama hizi zilifunga kizazi kizima," Mchungaji alikuwa anasema kwenye kipaza sauti. "Zilipofutwa, tumbo likafunguka. Mpigieni Bwana makofi!"

"Waonyeshe na ya baada!" Selina akapiga kelele. "Mama yangu amepofuka! Waonyeshe!"

Waliokuwa karibu waligeuka. Mchungaji alimwona, macho yao yalikutana, naye akainamisha kichwa kama mtu anayeomba. Mpiga kinanda akapandisha sauti, kwaya ikaanza wimbo wa shangwe, na watu wakainuka kucheza. Wahudumu wawili wa kike walimshika Selina kwa heshima, mmoja kila upande, wakimwambia "pole mama, taratibu mama," wakamshusha ngazi za ghorofa zote tatu hadi chini, kwenye maduka ya vyombo.

Alijifungua mtoto wa kike, mzima. Gaudens alipopigiwa simu hakumpongeza. Lakini baada ya mwezi alipiga mwenyewe, akasema mama anataka kumshika mtoto.

Selina alikwenda na Vitalis. Walimkuta Benedikta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, kichwa chote kimefunikwa kitenge, ameacha mahali pa kupumulia tu. Jicho la kushoto lilikuwa halijatibiwa. Alikataa kurudi hospitali yoyote. Wanawake wawili wazee, wenye nyuso zilizochanjwa, walikuwa wamekaa naye, na waliinuka wakaondoka bila kuitika salamu ya Selina.

"Shikamoo mama," akasema Selina.

"Marahaba. Mlete."

Akamweka mtoto mapajani pake. Benedikta akampapasa kichwa, masikio, miguu, vidole kimoja kimoja.

"Mmemwita nani?"

"Benedikta."

Vidole vikasimama.

"Hapana," akasema. "Mpeni jina la mtu mwingine."

"Mama..."

"La mama yake Vitalis. La yeyote. Si langu."

Vitalis alikohoa, akasema mama yake aliitwa Stella. Basi, akasema Benedikta, aitwe Stella. Mtoto alianza kulia. Yule bibi akafunua kitenge, akamwinua na kumlaza begani, shavu lake lililoungua likigusa utosi, akaanza kumwimbia kwa Kimakonde, polepole, wimbo ambao Selina hakuwahi kuusikia akiwa mtoto. Mtoto akatulia.

Selina alikaa ukingoni mwa mkeka. Alingoja aambiwe kitu kingine. Jua likahama, Gaudens akaita watu waje kula, na Benedikta akamkabidhi mtoto kwa Vitalis.